Wimbo Usiotaja Jina

Soko Kuu la Morogoro lilikuwa limefurika watu, na Sabra binti Abdulswamad alikaa nyuma ya viroba vyake vya mdalasini na pilipili manga kutoka Kinole. Alipima, akafunga, akapokea, wala hakuona sura ya mtu. Tangu mumewe afariki alikuwa hivyo. Chai alikunywa, lakini haikuwa na ladha. Wenzake wakicheka naye alicheka, kwa kuwa wamecheka. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa mno.

Kidole kikagonga kopo lake la kupimia. Ti, ti-ti.

"Kopo hili unaliuza?"

Akainua macho. Mbele yake alisimama mzee mrefu, kofia ya pama kichwani, shati la kitenge limepigwa pasi likapigika, viatu vinang'aa katikati ya tope lile.

"Kopo ni la kazi, mzee. Shikamoo. Unataka mdalasini?"

"Marahaba. Ila shikamoo yako imeniongezea mvi. Nilikuja hapa kijana."

Shakila, aliyeuza nyanya pembeni, akadakia. "Dada Sabra, huyo si Stambuli wa gitaa? Mama yangu alichanika gauni ukumbini kwa ajili yake."

"Mpe pole," Stambuli akasema. "Lakini mwambie mimi sikumgusa. Lile lilichanwa na chemko, pale waimbaji wanaponyamaza gitaa likaachiwa peke yake."

Akanunua mdalasini, akaomba na namba ya simu, akaipata. Sabra mwenyewe hakujua kwa nini alimpa.

Simu zikaanza. "Mama mdalasini, umeamkaje?" "Nimeamka tu." "Ukiamka tu, mimi nafanyaje?" Sabra alijibu kwa mkato, lakini simu haikumtoka mkononi.

Baadaye alikwenda kumtembelea nyumbani kwake, mtaa wa Kihonda. Aliongozana na Shakila, kuwaziba watu midomo. Chumba kilizungushiwa magodoro ukutani ili sauti isitoroke, na mezani palikuwa na kompyuta kuukuu. Stambuli alikuwa ameacha bendi. Sasa alijirekodi mwenyewe na kuziweka nyimbo zake mtandaoni mwenyewe.

"Hapa hakuna kiongozi wa kunikonyeza nimalize," alisema. "Nikitaka gitaa lilie mpaka lichoke, linalia. Nakutungia wimbo, laazizi."

Shakila akamfinya Sabra kiunoni. Mjini hapa kila mtu anajua, mwanamke akitungiwa wimbo hutajwa jina lake, na likishatajwa hakuna wa kuuliza tena yeye ni nani wa nani. Sabra akangoja. Alidhani labda jina lake likiimbwa mbele ya watu, kitu ndani yake kitaitika.

Wimbo ulipotoka, Shakila aliufungulia kwenye simu pale sokoni. Ukaanza na kopo, ti, ti-ti, kisha gitaa likapanda polepole kama moshi wa asubuhi milimani, likapanda, likakaa huko juu. Ukaisha. Hakuna aliyeimba neno.

"Mbona hajakutaja?" akauliza muuza vitunguu. "Labda una mwenzio huko Mzumbe."

Sabra akapiga simu.

"Hallo, Sabra wangu. Umeusikia?"

"Ni wa nani?"

"Wako. Hukulisikia kopo?"

"Makopo yapo kila genge, Stambuli. Unaona haya kunitaja?"

"Kwenye bendi nimetaja watu mpaka basi. Kiongozi anakuja kunong'ona: mtaje huyu katutunza, mtaje yule ana gari. Gitaa langu linakatwa katikati, majina yanaitwa. Nilipoanza kurekodi peke yangu niliapa, jina la mtu halitapanda tena juu ya gitaa langu."

"Basi kaa na gitaa lako."

Akakata. Akayatafuta machozi, hakuyaona. Akafunga mdalasini wa mteja aliyekuwa akingoja.

Stambuli hakupiga tena. Masika yakaingia, milima ikapotea ndani ya mawingu. Asubuhi moja akatokea sokoni, kofia inachuruzika, akamnyooshea simu.

"Nimekutaja. Sikiliza."

Sabra akasikiliza. Jina lake liliimbwa vizuri, likavutwa, likarudiwa. Gitaa lilikuwa limejibana pembeni kama mtu anayepisha gari. Akangoja ndani yake paitike. Hapakuitika. Ila alitambua kuna kitu anakitafuta, pale mahali gitaa lilipopanda likakaa juu, na hapapo tena. Ilikuwa muda mrefu hajatamani kitu.

"Toa," akasema.

"Nitoe nini?"

"Jina. Hapo ulipolitia palikuwa na kitu."

Stambuli akavua kofia. "Palikuwa na wewe."

"Najua sasa. Lakini na kutajwa nataka. Mimi si wa kuishi kama kopo la sokoni."

Mzee akatazama viatu vyake, siku hiyo vimejaa tope. "Kuna mahali nitakutaja. Gitaa haliingii pale, kwa hiyo kiapo changu hakivunjiki tena."

"Wapi?"

"Mbele ya shehe."

Nyanya ya Shakila ikaanguka, ikabingirika.

"Kamwone kaka yangu Hamza," Sabra akasema, akaendelea kupima. Kopo likajaa kupita kiasi, pilipili manga zikamwagika.

Siku ya ndoa, nyumbani kwa Hamza huko Mafiga, Sabra alikaa chumba cha ndani na wanawake wenziwe, hina viganjani, mtandio wa kijani umemfunika mpaka machoni. Nje ya pazia wanaume walinyamaza. Shehe akasema maneno yake. Kisha sauti ya Stambuli, nzito, imekwaruza, sauti ya mtu asiyejua kuimba:

"Nimekubali kumuoa Sabra binti Abdulswamad."

Hapakuwa na ala yoyote. Jina lilisimama peke yake, kila mtu akalisikia.

Shakila akampa bibi harusi kikombe cha chai. Sabra akapiga funda moja, akakunja uso.

"Nani katia mdalasini mwingi hivi?"