Picha Yenye Kidole Gumba

Wateja walimpa mpiga picha jina la Cheka Kidogo, kwa sababu ndiyo kauli yake kutwa nzima. Studio yake ina stuli moja, pazia la buluu na taa mbili. Mteja akikaa vibaya, humsogelea, humshika kidevu na kumgeuza shingo. Ukutani aliacha nafasi wazi. Miaka mitatu aliitunzia picha ya tembo.

Hatimaye alikwenda hifadhi ya taifa na mkewe na binti yao wa miaka saba. Walipokuwa wakila kwenye kituo cha mapumziko, tembo jike alitokea na mtoto wake. Cheka Kidogo aliacha mkate mezani, akachukua kamera na kumfuata.

"Baba watoto, rudi," mkewe alimwita.

"Hakuna uso ulionishinda. Huyu naye nitampanga."

Alipiga hatua, akapiga nyingine. "Geuka kidogo, mama. Hivyo hivyo."

Tembo aliacha kula. Alitanua masikio na kutikisa kichwa. Hapo Cheka Kidogo akasikia sauti ndogo nyuma yake: "Geuka kidogo, mama."

Binti yake alikuwa amemfuata hatua kwa hatua.

"Msikimbie," askari wa kike wa hifadhi, aliyekuwa amewafuata, alisema kwa utulivu kando yao. "Mshike mtoto mkono. Rudini kinyumenyume, polepole."

Walirudi. Tembo alishusha masikio, akaondoka na mwanawe. Cheka Kidogo alikaa, akampakata binti yake. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo maishani mwake.

"Nisamehe, dada," alimwambia askari. "Studio kwangu huwapanga watu hivyo. Nilidhani ametulia."

"Alikuwa ametulia, kaka, mpaka ulipomsogelea. Mnyama akiacha kula akakutazama, umeshamkaribia mno. Mwenye mtoto ndiye hatari zaidi. Studio yako ni yako, lakini huku wewe ni mgeni."

"Nitajuaje umbali unaotosha?"

Askari alinyoosha mkono, akasimamisha kidole gumba na kufumba jicho moja. "Kidole hiki kikimfunika mnyama mzima, umbali ni mzuri. Kisipomfunika, rudi nyuma. Na ukitoka kituoni hapa, usishuke garini kabisa."

Alasiri kundi la tembo lilikaribia barabara mbele yao. Cheka Kidogo alisimamisha gari. Mikono ilimwasha kwa hamu ya kamera. Binti alinyoosha mkono kuelekea kioo cha mbele, akafumba jicho.

"Baba, kidole hakiwafuniki."

Alitazama kamera, akamtazama binti. Akaguna, akarudisha gari nyuma. Bado. Akarudi tena, na tena.

"Hapo," binti alisema.

Alizima injini. Tembo kumi na mmoja walivuka bila haraka, mtoto wao katikati. Mmoja alisimama barabarani kujimwagia vumbi. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuwatazama. Cheka Kidogo alipiga picha huku akitabasamu mwenyewe.

"Leo wateja wamejipanga wenyewe," mkewe akamtania.

Sasa nafasi ile ukutani imejaa. Kila anayeingia studio huitazama picha kwanza.

"Ulisogea karibu sana, eti?" huuliza.

"Nilirudi nyuma," hujibu kwa fahari.

Kwenye kona ya picha, chini ya miguu ya tembo, kuna kidole gumba kidogo cha binti yake, kilichokuwa bado kimesimama mbele ya kioo. Wengine humshauri akikate. Hataki kusikia.

"Nikikate kwa nini?" husema. "Hicho ndicho kilichonipa picha."