Mke Wangu Alipimwa Kiuno na Fundi Mwingine

Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya duka la mwanaume mwingine, mikono juu, na huyo mwanaume amemzungushia futi kiunoni.

Mimi nipo mlangoni. Nilikuwa nimekwenda kuazima zipu nyeusi.

Sasa ngojeni niwaeleze, maana najua wapo watakaonicheka kabla sijamaliza. Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za kike. Tangu nimuoe huyu mwanamke, hajavaa gauni ambalo sikulikata kwa mkono wangu mwenyewe. Mke wa mwenye bucha akionekana ananunua nyama bucha nyingine, mtaa mzima unajua ndoa ina shida. Basi fikirieni mimi.

Na mwanaume mwenyewe ni Mkasi. Duka lake linatazamana na langu. Anashona suti, ananukia vizuri kuanzia asubuhi, na tumbo hana.

"Fundi mwenzangu, karibu," akasema, futi bado iko kiunoni mwa mke wangu.

"Nilikuja kuomba zipu."

Muone nilivyo mjinga. Moyo unawaka, mdomo unaomba zipu.

"Baba watoto," mke wangu akashusha mikono, "nitakueleza nyumbani."

"Unieleze nini? Si nimeona."

Nikaondoka, na zipu sikuichukua.

Dalili nilikuwa nazo muda mrefu. Kila jioni mimi humpelekea mke wangu mkate wa moto na soda baridi. Ndiyo mapenzi yangu hayo, maneno matamu siyawezi. Zamani alikuwa anaumaliza mbele yangu, na mimi najiona mwanaume kamili. Siku hizi anamega kipande, anasema ameshiba, unaobaki naumaliza mimi. Wali anajipakulia kijiko kimoja, sahani yote iliyobaki ni mboga za majani, samaki au mayai.

Halafu akaanza kupungua. Gauni lake la bluu likawa linaning'inia mabegani. Nikamwambia, "Lete nilipunguze." Akasema, "Liache tu."

Kumbe alikuwa na mtu wa kumpunguzia...

Mchana nao alishaacha kula dukani kwangu. Namwona anavuka barabara na bakuli lake, anaingia kwa Mkasi. Wanakula, wanacheka. Na mimi nipo kwenye cherehani, nashona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Jioni ile sikununua mkate.

"Unampenda?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Usinizungushe."

Akakaa kitandani. "Nilipima sukari kliniki. Imepanda. Haijawa kisukari bado, ila naelekea huko. Wameniambia nipunguze wanga. Mkate, wali, viazi, na soda niache kabisa."

"Na Mkasi anahusikaje na wanga?"

"Tulikutana kwenye foleni. Naye aliambiwa hivyo hivyo. Mchana tunakula pamoja, ili mmoja akiteleza mwenzake amshike."

"Amshike wapi?"

"Unaona? Ndiyo maana sikukueleza."

"Mimi ni mumeo. Unamwambia Mkasi, mimi unanificha?"

"Ningekuambiaje? Kila jioni unasimama hapo na mkate wako, unasubiri nitabasamu. Ningeukataa, ungesema sikupendi. Na gauni nikaona bora alipunguze Mkasi, maana wewe ungelishika tu, ungejua kila kitu."



Mnadhani nilimwamini? Ndugu zangu, hata kidogo. Sukari gani hiyo inayomfanya mtu acheke na Mkasi mchana kutwa? Nilichoogopa ni kimoja tu, kwamba mke wangu anaondoka taratibu, na hicho kiuno kinapunguzwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kesho yake nikafunga duka, nikaenda kliniki kumchunguza.

Nilimkuta nesi mmoja, mama mtu mzima, hana haraka.

"Nataka kujua kama mke wangu amewahi kupima sukari hapa."

"Habari za mtu sitoi."

"Mimi ni mumewe."

"Hata ungekuwa mama yake. Ninazoweza kukupa ni za kwako. Umewahi kupima?"

"Mimi sina tatizo."

"Kwenu yupo mwenye kisukari?"

"Baba alikuwa nacho. Alikufa haoni."

"Kaa hapo."

Nikakaa, ila si kwa ajili ya sukari. Nilitaka kumdodosa. Akanizungushia futi tumboni, akataja namba. Nikamwambia ameishika futi vibaya. Yeye akanitoboa kidole.

Akatazama kimashine chake. Akanitazama mimi.

"Usiku unaamka kwenda kukojoa?"

"Nakunywa maji mengi."

"Kwa nini?"

"Nina kiu."

"Na macho?"

Hapo nikamkumbuka baba. Maana siku nyingi nilikuwa nahangaika kutunga uzi kwenye sindano, na nilikuwa nalaumu taa.

Akaniambia nirudi asubuhi bila kula. Nikarudi, wakapima tena.

Mke wangu alikuwa anaelekea kwenye kisukari, akageuka mapema. Mimi nilikuwa nimeshafika.

Nilifika nyumbani. Nikamkuta anachambua mboga.

"Nimetoka kliniki."

"Kufanya nini?"

"Kukuchunguza wewe."

Akaacha mboga. Nikamweleza yote, hadi la macho ya baba. Nilitegemea anigombeze, na haki alikuwa nayo. Badala yake akanishika uso kwa mikono yake yenye maji, akalia.

Halafu akasema, "Baba watoto, ungekuwa unaniamini, ningekuzika."

Neno hilo sijalisahau hadi leo.

Sasa natumia dawa, na chakula napunguza kwa maelekezo ya nesi, maana alinionya kwamba mtu wa dawa hajipangii mwenyewe. Mchana tunakula watatu kwa Mkasi. Bado namwonea wivu, siwafichi. Yeye na mke wangu walipopima mara ya mwisho, sukari zao zilikuwa zimerudi mahali pake. Waliwahi. Wivu nilionao siku hizi ni huo wa kuwahi.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mtu wako akianza kuacha mkate, kabla hujamtafuta mwanaume au mwanamke wa kumshuku naye, muulize amepimwa nini na amekutwa na nini. Na kama kwenu kuna mwenye kisukari, au tumbo limetangulia kama langu, usisubiri wivu ukupeleke kliniki kama ulivyonipeleka mimi. Nenda sasa, wakati bado kuna pa kugeukia.