Mishono Aliyoifumua Sindano

Hakuwa na chumba chake; alilala kitanda kimoja na bibi yake, na bibi alikuwa anakoroma. Hakuwa na viatu vya kubadilisha. Hakuwa na kaka wala dada wa kugombana naye. Hakuwa na baba wa kumwona kila siku, kwani baba yake alivunja mawe kwenye machimbo ya mbali na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Ila alikuwa na mama, na mama alikuwa na cherehani iliyowalisha wote watatu.

Shuleni walimwita Sindano, kwa kuwa hakukosa sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa sare yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Kila alfajiri mama alikwenda bombani kuchota maji. Hapo Sindano alizichukua nguo zilizoshonwa jana, akazikagua karibu na dirisha. Miezi saba iliyopita alikuwa ameona pindo moja limekwenda upande. "Mama amechoka," alijisemea. Akachukua wembe, akalifumua, akalishona upya na kulipiga pasi kabla mama hajarudi. Wiki iliyofuata yakawa mapindo mawili. Sasa haikupita siku bila kufumua. Hakumwambia mtu. Aliogopa wateja wasije wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na aliogopa zaidi kumwona mama akiaibika.

"Vidole vyako vina matundu kama chujio," rafiki yake wa dawati alimtania. "Nyumbani kwenu mnashona nguo au mnapigana na nungunungu?"

"Tunashona."

"Basi nungunungu ndiye anayeshinda."

Siku moja alasiri, muuguzi mmoja alikuja kuchukua gauni lake la kazi. Alisimama ubavuni mwa mama, akangoja. Mama aliendelea kukanyaga cherehani bila kugeuka.

"Dada," muuguzi alisema mwishowe, "nimesimama hapa muda mrefu. Hukuniona?"

Mama alishtuka. "Samahani, dada. Nilikuwa nimezama kwenye kazi."

Muuguzi hakucheka. Aliinua vidole pembeni mwa uso wa mama, akauliza ni vingapi. Mama hakuona hata mkono. "Kesho uende hospitali," muuguzi alimwambia. "Gauni litangoja."

Kesho yake walikwenda, Sindano akiwa ameshika mkono wa mama. Daktari alipima kwa muda mrefu, kisha akavua miwani yake.

"Ni presha ya macho," alisema. "Haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni, mtu asijue. Lakini wewe ni fundi. Hukuona mishono ikipinda?"

"Haijapinda hata siku moja," mama alijibu kwa fahari. "Muulize binti yangu, ndiye anayezikunja nguo zangu."

Daktari alimtazama Sindano. Sindano alitazama sakafu, akaitikia kwa kichwa.

"Ungekuja miezi sita iliyopita tungeokoa sehemu kubwa," daktari alisema. "Kilichopotea hakirudi. Nitakupa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, nacho ni kidogo. Kazi ya cherehani uiache."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Sindano aliyarudia maneno yale moyoni kila hatua: miezi sita, miezi sita.

Jioni, kabla ya kula, bibi aliomba kila mtu ataje jambo moja la kumshukuru Mungu, kama walivyofanya kila siku. Mama alishukuru kwa dawa. Zamu ya Sindano ilipofika, aliichezea sindano ya ukosini.

"Haya, mjukuu wangu."

"Sina, bibi."

"Hata dogo?"

"Sina. Na sijui mama anashukuru nini." Alimgeukia mama. "Mishono ilikuwa inapinda, mama. Tangu miezi saba iliyopita. Nilikuwa naifumua unapokwenda bombani. Nilidhani nakusaidia. Mimi ndiye niliyekupofusha."

Mama alinyanyua gauni la muuguzi, akapitisha kidole kwenye pindo polepole. "Umefunga uzi mara tatu," alisema. "Mimi hufunga mara mbili." Kisha akaondoka mezani bila kula.

Siku mbili mama hakuzungumza naye ila kwa lazima. Sindano alimsikia nyuma ya pazia akiomba, na haikuwa sala nzuri. Mama alilia, akamwambia Mungu kwamba hamwelewi, kwamba hajawahi kumpunja mteja hata kipande cha kitambaa, sasa hii ni nini? Mtoto alijikunja kitandani, akaona hata Mungu sasa amegombana nao.

Siku ya tatu mama alimwita, akamuuliza kama amekula. "Kaa hapa. Nilikukasirikia. Bado nina hasira kidogo, nisikudanganye. Lakini hukunipofusha wewe. Ugonjwa ndio ulionipofusha. Wewe ulinificha kwa kunipenda, nami nikakosa kujua. Usinifiche tena kitu."

"Sitakuficha, mama. Mungu atakurudishia macho?"

"Daktari amesema hapana. Nimemwambia Mungu yote, hata maneno mabaya. Hakunijibu. Ila kila nilipomaliza kulia nilikuta nina nguvu ya kwenda bombani. Jana hivyo, leo hivyo. Hiyo ndiyo ninayoishukuru. Ni ndogo, lakini nimeipokea."

Bibi, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, aliinua uso. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kushukuru si kusema kwamba hapaumi. Mwonyeshe Mungu panapouma, wala usipashone juu juu ili papendeze. Ukishamwambia ukweli, hata ukiwa gizani utajua kwamba hujaachwa peke yako."

Kisha mama akamtuma alete kalamu na karatasi. "Tumwandikie baba yako. Andika kwamba macho yangu yanakwisha na cherehani imenyamaza. Sijui tutaishije."

Sindano aliandika. "Na sehemu yangu, mama?"

"Hiyo iandike mwenyewe."

"Mwambie pia kwamba mimi sikoromi," bibi alisema.

"Bibi, tumesema ukweli tu."

Mama alicheka kidogo, kisha akafuta macho. Sindano aliandika habari ya wembe na mapindo, asiache kitu. Mwisho akakaa sana akifikiri, akaongeza: "Namshukuru Mungu kwa sababu leo mama ameniuliza kama nimekula."

Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha. Mama aliifunga kwa gundi, akipapasa ukingo wake kwa kidole mpaka mwisho. Wakaenda posta wameshikana mikono, na Sindano akaitumbukiza barua katika sanduku.