Mpiga Kinanda Aliyesema Hana Mtu

Stesheni ya Leeds ilikuwa imefurika. Upepo wa alfajiri ulikuwa umeangusha mti juu ya reli upande wa kusini, na treni zote za London zilikuwa zimesimama. Abiria walitazama ubao wa saa kwa shingo zilizoinuliwa, wakinung'unika chini kwa chini, kahawa zao zikipoa mikononi.

Clifford Tranter peke yake hakuweza kutulia mahali pamoja. Alikwenda hatua kumi, akageuka, akarudi hatua kumi. Alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, mwembamba, mvi zake zimefungwa nyuma kwa utepe mweusi. Alivaa koti refu la mahameli ya zambarau ambalo kwa hiari yake asingelitoa kabatini. Ila Imogen, binti wa kampuni ya muziki aliyepewa kazi ya kuitangaza bendi yake, alikuwa ameshasema: waandishi wanataka kuiona miaka ya sabini, basi waonyesheni.

"Utachimba shimo hapo, mpenzi," sauti ya kike ikasema.

Akageuka. Mwanamke wa makamo yake, au pungufu kidogo, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake kama malkia juu ya kiti chake. Koti la samawati, kitambaa cha njano shingoni, midomo imepakwa rangi kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi ya mikono.

"Umeniita mpenzi?" Clifford akauliza.

"Usivimbe kichwa. Hapa Leeds kila mtu ni mpenzi, hata mkaguzi wa tiketi. Njoo hapa. Kifungo chako kinaning'inia."

Kabla hajajibu, mwanamke alikuwa ameshatoa sindano na uzi mkobani. Akamshika ncha ya koti, akaanza kushona koti likiwa mwilini mwake, katikati ya watu wote wale.

"Unatembea na sindano kila siku?"

"Ndiyo kazi yangu. Nina kibanda cha kurekebisha nguo sokoni. Magauni ya harusi zaidi. Naitwa Noreen Sugden. Nilikuwa nakwenda kutafuta lesi London. Na wewe? Unacheza maigizo?"

"Mimi ni mwanamuziki, Clifford Tranter. Bendi yetu ni Fennimore."

Akangoja mshangao. Noreen akakata uzi kwa meno.

"Sijaisikia."

"Tulikuwa maarufu. Tulipiga roki, ila si ile ya dakika tatu. Wimbo wetu mmoja una dakika ishirini na sita."

"Dakika ishirini na sita! Wimbo mmoja?"

"Una sehemu saba."

"Bwana Tranter," Noreen akasema, macho yakimcheka, "marehemu mume wangu aliniposa, nikakubali, tukala na kuosha vyombo kwa muda mfupi kuliko huo."

Clifford akacheka mpaka watu wakageuka. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka hivyo. Mti ulipoondolewa na treni zikaanza kutembea, wakapanda behewa moja, wakakaa pamoja mpaka London. Waliposhuka Clifford alikuwa na namba ya simu ya Noreen.

Siku ile ndiyo mahojiano yalianza. Fennimore walikuwa wametoa albamu ya kwanza baada ya miaka thelathini na mitano, na Imogen aliwaweka Clifford na mpiga gitaa, Royston Peake, kwenye chumba kimoja cha hoteli, waandishi wakiingia mmoja baada ya mwingine kama wagonjwa kwa daktari. Royston alikuwa mfupi, mwenye kipara, mkimya. Tangu waanze kurekodi tena, walikuwa wanasemeshana kuhusu noti na kupeana chumvi mezani tu.

Mwandishi wa kwanza akauliza maswali mazuri kuhusu albamu ya bendi nyingine.

"Hiyo si yetu," Clifford akasema.

"Oh. Mliipenda lakini?"

"Hapana," Royston akajibu. Ndilo neno pekee alilolitoa mchana mzima.

Wa pili alitaka kujua kama ni kweli waliwahi kushushwa kwa kamba kutoka juu mpaka jukwaani wakiwa na mabawa. Ni kweli. Na kwamba kamba ilikwama? Ni kweli pia. Na ni nani aliyebaki akining'inia? Royston akaangalia dirishani. Wa tatu alikuwa msichana aliyesema kwa heshima zote kwamba babu yake anawapenda sana.

Kila walipopumzika, Clifford alitoka kwenye korido na simu sikioni.

"Noreen, wananiua huku."

"Nani tena, mpenzi?"

"Hilo mpenzi ni la mkaguzi wa tiketi au langu?"

"Tuseme limepanda daraja. Haya, rudi ukahojiwe."

Clifford alikaa York, na kutoka York mpaka Leeds treni haimalizi nusu saa. Wiki sita zilizofuata aliijua njia ile kama anavyojua kinanda chake. Walikula samaki na chipsi wamekaa ukutani, siki ikiwaunguza vidole. Walitembea bustani ya Roundhay majani yakipukutika. Jumapili moja, jikoni kwake, Noreen akaomba kuusikia ule wimbo wa sehemu saba, wote. Aliusikiliza amesimama, kisu mkononi, viazi nusu vimemenywa. Ulipoisha hakutania.

"Ile sehemu ya tano," alisema, "pale kinanda kinapobaki peke yake. Ulikuwa na huzuni gani?"

Katika miaka yote ya kuhojiwa hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Clifford akamshika mkono uliolowa maji ya viazi, akaubusu.

Ila kutulia hakukuwamo damuni mwake. Hata akiwa kwa Noreen miguu yake ilicheza chini ya meza, simu ilimwasha mfukoni. Keshokutwa Bristol, mtondo Glasgow.

"Wewe ukikaa ni kama umeegesha tu," Noreen alimwambia. "Injini inanguruma."

Hata hivyo alishamwambia binti yake, Janine, na Janine hakufurahi. "Mama, mwanamuziki? Wale hawana pa kukaa." Noreen akamtetea. Na Imogen alipowapatia mahojiano ya redio, ya moja kwa moja, saa tisa ya mchana, nchi nzima ikisikiliza, Noreen akawaambia wenzake wote sokoni. Akaiweka redio juu ya meza ya cherehani. Eddie Lumb mwenye bucha akaja na aproni yake ya damu, wanawake watatu wa duka la vitambaa wakaja, na Janine naye akaja akakunja mikono.

Mtangazaji alikuwa na ulimi mtamu wa mtu asiyesikiliza majibu. Akauliza kuhusu mabawa. Akauliza kuhusu kamba. Kisha akasema, "Na wewe Cliff, mchawi wetu wa vinanda, maisha ya nyumbani yakoje? Kuna bibi huko anayekungoja?"

Clifford aliiona taa nyekundu ya studio, ishara kwamba wako hewani. Jina la Noreen lilimfika ncha ya ulimi, halikutoka. Alimwona Royston akimtazama. Redioni kimya cha sekunde mbili ni kama shimo, na mtangazaji alishafungua mdomo kuliziba.

"Hapana," Clifford akasema haraka. "Sina mtu. Mimi nimeoa kinanda."

Studio ikacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Walipotoka tu akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena, akitembea barabarani London bila kujua anakokwenda. Mara ya tisa ikapokelewa.

"Noreen, nilibabaika tu, lilikuwa neno la—"

"Tulikuwa watu sita hapa, Clifford." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na mzaha hata chembe. "Wote wakanigeukia kama watu wanaomwangalia mjane kaburini. Hilo nalijua, nimeshaliona mara moja. Sikudhani litanipata tena kwa mtu aliye hai."

"Sikutaka kukutangaza bila ruhusa yako."

"Sikukuomba unitangaze! Ungesema hilo halikuhusu, ningekupigia makofi. Mimi sikutaka kutajwa. Nilitaka nisikanwe." Akavuta pumzi. "Usinipigie tena."

Neno likishatoka halina wa kulirudisha. Siku nne Clifford hakulala sawasawa. Aliandika ujumbe akaufuta. Alipanda treni ya Leeds, akashuka kituo cha kwanza, akarudi nyumbani. Kisha Imogen akawapeleka yeye na Royston Manchester, kwenye ukumbi mmoja wa muziki, wakahojiwe na kijana mwenye ndevu na kamera mbili.

"Mnajisikiaje," kijana akaanza, "kuwa bado hai?"

"Inategemea siku," Royston akasema.

Clifford hakungoja swali la pili. Akainama kuelekea kamera. "Nataka kusema jambo. Kuna mwanamke Leeds, nilimkana redioni. Nilisema sina mtu, na nilikuwa naye. Nampenda. Nataka ajue."

Kijana alibaki mdomo wazi kwa furaha. Imogen, nyuma ya kamera, akafuta machozi. Clifford akaona mzigo umetua.

"Itatoka lini?" akauliza.

"Oh, tunakata, tunaweka sauti... wiki ya tatu ya Januari hivi."

Ilikuwa tarehe kumi na nne Novemba.

Royston akaanza kucheka. Alicheka kicheko kikavu kirefu, akasimama, akamvuta Clifford kwa mkono mpaka nje ya mlango wa nyuma, kwenye mvua nyembamba.

"Hubadiliki wewe," akasema. "Unakumbuka nilivyojua kwamba bendi imekufa?"

Clifford akatazama chini.

"Nilinunua gazeti. Nilikuwa na mke wangu, Ruth, mjamzito, tumekaa tunakunywa chai. Nafungua ukurasa, nakuta rafiki yangu amemwambia mwandishi kwamba Fennimore basi. Siku tatu kabla tulikuwa tumekula pamoja, Cliff. Ulinipitishia mkate. Hukusema kitu."

"Niliogopa uso wako."

"Najua uliogopa. Miaka thelathini na mitano najua. Mashine ya kurekodi haina uso, ndiyo maana unaipenda. Sasa umemfanyia mwanamke huyu mchezo uleule, na dawa yake umeitafuta kwenye kamera tena." Akafuta mvua kiparani. "Mwambie yeye. Yeye, mbele ya uso wake. Akikutupia kiatu, kiatu hicho ni haki yako."

Mvua iliendelea. Ndani Imogen alikuwa anaita majina yao.

"Royston," Clifford akasema. Ilikuwa vigumu kumtazama, akamtazama. "Nisamehe. Nilipaswa kuja kwako, mlangoni."

"Kumbe unaweza," Royston akasema. "Haya, nenda. Mimi nitawaeleza habari za mabawa. Zinatosha saa nzima."

Soko la Leeds siku ya Jumamosi adhuhuri halina nafasi ya kuweka mguu. Clifford alipita kati ya vikapu na vigari vya watoto, samaki upande huu, jibini upande ule, akiogopa kuliko siku yoyote aliyopanda jukwaani. Alimkuta Noreen amepiga magoti, pini mdomoni, akipima upindo wa gauni la bibi harusi mmoja mnene mwenye mashavu mekundu.

Noreen alimwona. Hakusimama.

"Nina kazi," alisema kupitia pini.

"Nitangoja."

"Wewe? Kungoja?"

Akangoja. Alisimama pale dakika arobaini bila kutikisa mguu, wateja wakimpita na kumsukuma. Bibi harusi alimtazama, akamtazama Noreen, mwisho akashindwa kuvumilia. "Huyu ndiye yule wa redio?"

"Ndiye," Clifford akajibu. "Mimi ndiye niliyesema sina mtu. Nilisema uongo. Noreen, sina maneno mazuri. Niliogopa kwamba nikikutaja utakuwa wa kweli, na kitu cha kweli kinaweza kupotea. Nimewahi kumpoteza rafiki kwa kukimbia uso wake. Wewe sitaki kukukimbia. Nataka uniambie unavyotaka kuniambia, nisimame hapa nisikie. Na ukimaliza, kama bado utanitaka, nataka nikuoe."

Noreen akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini. Macho yake yalikuwa yamelowa na sauti yake ilikuwa kali.

"Ulinifanya nionekane mjinga."

"Ndiyo."

"Mbele ya binti yangu."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya kichekesho ambacho hata hakichekeshi."

"Hakichekeshi kabisa."

"Mkubalie, mama," bibi harusi akanong'ona, "ila mtese kwanza."

Noreen akainuka, magoti yakilia. Akafunika cherehani, saa saba ya Jumamosi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini.

"Waliosikia redio ni watu sita," akasema. "Mmoja ni mimi, umeshaniambia. Bado watano. Janine yuko kazini mpaka saa kumi. Tuanze na yule pale."

Akanyoosha kidole kwenye bucha. Eddie Lumb alikuwa nyuma ya meza yake, kisu kirefu mkononi, foleni ya wateja wanane mbele yake. Clifford akatembea mpaka mbele ya foleni.

"Bwana Lumb, mimi ni Clifford Tranter. Nampenda Noreen Sugden na nimemwomba akubali nimwoe. Nilichosema redioni si kweli."

Foleni nzima ikamgeukia. Eddie akamkagua kutoka utepe wa nywele mpaka viatu, taratibu, kama anavyokagua ng'ombe mzima.

"Amekubali?"

Clifford akageuka. Alitambua kwamba hakuwa amejibiwa. Noreen alikuwa amesimama nyuma yake katikati ya msongamano, watu wakimpita kushoto na kulia, mikono kiunoni, akimwacha asubiri.

"Nimekubali, Eddie," akasema hatimaye, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki. "Mpe mkono, kisha utupimie ratili mbili za nyama ya kuchoma. Leo jioni anakwenda kukaa mezani na Janine."