Aliyeachia Kamba

Siku makumbusho ya ziwa na bahari yalipofunguliwa mjini Geita, watu walijaa hadi mlangoni. Wengi walikuja kuushangaa ubavu wa nyangumi ulioletwa kutoka Pwani, mrefu kupita boriti ya nyumba. Paskazia, mwongoza wageni, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani lililomshika vizuri kiunoni.

"Dada, ng'ombe huyu alichungwa wapi?" aliuliza kijana mrefu mwenye shati jeupe.

"Huyo ni nyangumi, kaka. Hachungwi, huwindwa."

"Na wewe je?"

Paskazia akacheka bila kutaka. Kijana aliitwa Maige, muuza mchele aliyetoka Kahama. Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje nawe uko mbali?"

Maige akaahidi kuja kujitambulisha kwao. Baba yake Paskazia akachinja mbuzi, majirani wakajaa uani. Maige hakutokea, na simu aliizima. Baadaye akatuma ujumbe mmoja tu: mama amekataa.

Paskazia hakulia. "Atanitambua," alisema.

Miezi ikapita. Kwaya ya akina mama wa Kahama ikaja kutembelea makumbusho, sare zao za zambarau. Nyuma yao alikuwepo Maige, amebeba mkoba wa mama yake, akimwomba Mungu Paskazia awe likizo. Alipomwona, akageukia mlango.

"Kaka mrefu, sogea mbele uone vizuri!" Sauti ya Paskazia ilikuwa tamu kama asali. Akainua chusa, mkuki wa wawindaji wa viboko. "Wageni wangu, hiki hufungwa kamba. Ukishamchoma kiboko, huachii kamba. Anayeachia ni mwoga, na kiboko mwenye jeraha hurudi kupindua mtumbwi. Mwoga mwenyewe huyu hapa. Alinichumbia, akatukimbia siku ya kujitambulisha, akasema mama yake amenikataa."

Mama Maige akageuka polepole. "Mimi? Hata jina lako silijui, mwanangu!"

"Niliogopa, Mama," Maige akanong'ona. "Niliogopa kuoa."

Mama akampokonya mkoba. Maige akapiga magoti mbele ya kwaya nzima.

"Paskazia, nisamehe. Nikubali nikuoe."

Paskazia alikuwa ameiota picha hiyo kila siku. Ilikuwa tamu. Lakini bado alimpenda, na hilo lilimuudhi.

"Nenda kwa baba yangu, peke yako, ukamweleze ulivyotudanganya. Akikufukuza, rudi kwake tena."

"Na akinikubali?"

"Nitakukataa mimi," alisema Paskazia. "Mara ya kwanza tu."