Kiti cha Nyuma Kushoto

Jambo la kwanza aliloona Joyline ni kwamba gari lilikuwa limeinama. Si sana. Vidole vitatu hivi, nyuma, upande wa kushoto, kana kwamba mtu ameketi pale akingoja safari ianze.

"Umebeba nini huku, mama? Mahindi?" fundi Ochoki aliuliza, magoti yake yakiwa kwenye matope ya gereji pale Nyamira.

"Sijabeba kitu."

"Basi springi imechoka. Hii gari ni mzee kuliko mimi." Alicheka, kisha akaona jinsi Joyline alivyoshika kiuno, akampa kigoda chake. Yeye akakalia tairi.

Joyline alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe, Josiah, alikuwa mwaka wa pili kazini Qatar, na nyumba yao ilisimama peke yake juu ya kilima cha majani chai ambako, mvua ikinyesha, hakuna bodaboda inayokubali kupanda. Gari lile kuukuu lilinunuliwa kwa sababu moja tu: uchungu ukija, limfikishe hospitali kule Kisii, asije akajifungulia njiani peke yake.

Springi mpya ikafungwa. Gari likainama. Shokomzoba mbili za nyuma zikafungwa. Likainama vilevile. Kisha likaanza kuchemka, tena mahali pamoja tu, kwenye kona iliyo karibu na kibanda cha kupimia majani chai, barabara ya Kisii. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka, gari likazima. Ochoki alibadilisha thamostati, akabadilisha mipira ya maji, mwishowe akabadilisha redieta nzima. Josiah alituma pesa bila kunung'unika, ila kila mara sauti yake kwenye simu ilizidi kuchoka.

Halafu kulikuwa na harufu. Madirisha yakifungwa, gari lilinuka dawa ya kuchua kifua na sweta iliyonyeshewa. Na siku nyingine, Joyline akingoja injini ipoe pale konani, alisikia kioo cha nyuma kikigongwa. Ko, ko, ko. Kwa ndani.

Alipaswa kuogopa, na aliogopa. Lakini zilikuwa zimepita siku nne bila mtu kuingia nyumbani kwake, na asubuhi moja alipofungua gari aliona aibu kunyamaza.

"Bwakire," alisema kwa upole, kama anavyomwamkia jirani.

Harufu ile ilisogea karibu.

Ochoki alipolijaribu gari peke yake alirudi midomo imemkauka. "Mama," alinong'ona, "tumwite aliyekuuzia."

Nyangau alikuja kutoka Kiogoro. Alisimama mbali na gari, kofia mkononi, na hakulitazama.

"Ni mama yangu," alisema. "Nyamusi. Nilikuwa nampeleka hospitali, kifua kimembana. Gari ikachemka pale konani. Nikamwambia, mama, ngoja kidogo tu, naenda kutafuta maji. Nilikawia. Mlango wake ulikuwa na kile kikufuli cha kuzuia watoto, haufunguki kwa ndani. Nimerudi nikakuta alama za vidole kwenye kioo." Akajifuta uso kwa kofia. "Nisamehe, dada. Nilitaka tu iondoke machoni pangu."

Joyline alitaka kumkasirikia. Badala yake akampa ndizi mbili za njiani, kwa maana alimwona hajala.

Uchungu ulimjia wiki mbili kabla ya wakati, saa tisa mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati. Alimpigia Ochoki. Ochoki alipanda kilima kile kwa miguu, akafika amelowa mpaka mifupani, akamketisha nyuma upande wa kulia na kumfunika koti lake.

"Itatufikisha," alisema.

"Na ile kona?"

Ochoki aliwasha injini.

Pale konani mshale ulipanda, mvuke ukafunika kioo cha mbele, gari likazima. "Nachota maji pale kibandani, mama. Ngoja kidogo tu," Ochoki alisema, na aliposikia maneno yaliyotoka kinywani mwake alishtuka, lakini tayari alikuwa anakimbia na mtungi.

Joyline akabaki peke yake, mvua ya mawe ikigonga paa na vioo, na katikati ya kelele ile akaanza kutenga mlio mmoja ambao haukutoka nje, ko, ko, ko, pale karibu na bega lake, na harufu ya sweta mbichi ikajaa mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na kiti cha pembeni kikabonyea taratibu kama kinavyobonyea mtu mzima anapogeuka kumtazama aliyeketi naye, na mkono wa baridi, mkavu kama ganda la hindi, ukaushika mkono wake juu ya tumbo, na sauti ya bibi kizee ikauliza sikioni:

"Atarudi?"

Mlango wa Joyline ulikuwa unafunguka. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kishikio. Lakini alilijua swali lile. Alijiuliza yeye mwenyewe kila jioni.

"Atarudi, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Tumngoje pamoja."

Ochoki alirudi na maji.

"Mfungulie kwanza," Joyline alinong'ona. "Ule mlango wa kushoto. Kwa nje."

Ochoki aliufungua. Springi ziliguna. Gari likainuka vidole vitatu, likasimama sawa.

Mtoto alizaliwa salama hospitalini Kisii, msichana. Nesi alipouliza jina, Joyline alisema, "Nyamusi."

Ochoki, aliyekuwa akingoja mlangoni na chupa ya uji kutoka kwa mkewe, aliinamisha kichwa. "Mama, jina la marehemu hupewa mtoto wa ukoo wake, ndiyo apate nyumba ya kurudi. Marehemu huyu si wenu."

"Ni shukrani tu."

"Umemkaribisha."

Wiki tatu gari lilikwenda bila kuinama wala kuchemka. Alasiri moja, mtoto akilia chumbani, Joyline alikuwa jikoni, nje, akimenya ndizi. Alikuwa ameufunga mlango wa chumba kwa komeo la nje, kuku wasiingie. Kilio kikakoma. Simu ikalia, ni Josiah.

"Nimefurahi umepata mtu wa kukaa naye," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi, uko peke yako. Ni nani huyo mama ninayemsikia akimbembeleza mtoto?"

Joyline alikitua kisu. Upepo ulileta harufu ya dawa ya kifua.

"Ni mgeni," alisema, na kukata simu.

Alisimama mbele ya mlango. Komeo lilikuwa vilevile alivyoliacha. Kwa ndani, taratibu, kwa adabu, mtu aligonga.

Ko, ko, ko.

"Nakuja, mama," Joyline alisema, akaliinulia komeo mkono.