Mabaka na Mikono ya Jesca

Kabla jua halijachomoza vizuri pale kijijini Mungaa, Jesca alikuwa amekwisha kumwamkia mama yake, amefagia uwanja na kubandika chai. Mtoto huyo hakuwa mvivu hata kidogo. Ila kazi moja aliikwepa kama mgonjwa anavyoikwepa sindano, nayo ni kukamua. Mama yake, Magdalena, akishika tu kibuyu kwenda zizini, Jesca hukumbuka ghafla kwamba sare yake haijapigwa pasi.

Ajabu ni kwamba zamani hakuna mtoto aliyemfikia kwa kukamua. Akiwa na miaka tisa, majirani walikuwa wakija kumwazima kama jembe zuri. Kisha akaenda kusoma kwa shangazi yake Mandewa, mjini Singida. Huko maziwa yaliletwa mlangoni na muuzaji wa baiskeli. Sasa amerudi, ana miaka kumi na miwili, na moyo wake ulimwambia kuwa mikono yake imesahau kila kitu. Heri nionekane mvivu, aliwaza, kuliko kuonekana sijui.

Jumamosi moja mama alikuwa akiipua sufuria ya maji ya moto, ikamponyoka. Mkono wa kulia ukaungua vibaya. Zahanati waliufunga bendeji, wakamwonya asiutumie mpaka upone. Baba alikuwa mbali malishoni na mifugo mingine, na jirani yao, mama Editha, alikuwa amekwenda msibani Ihanja. Jioni ikafika. Mabaka, ng'ombe wao pekee wa maziwa tangu zamani, alisimama zizini kiwele kimejaa, na ndama wake mdogo hakuweza kuyamaliza maziwa yale.

"Akilala hivi, kiwele kitaugua," mama alisema. "Tutakosa maziwa, na ndama tutampoteza. Chukua kibuyu, mwanangu."

Jesca alikichukua, akaenda zizini. Innocent, mdogo wake, alimfuata kutazama. Kwa kuogopa kutazamwa, Jesca alifanya kila kitu mbiombio. Alimfunga Mabaka miguu, akachuchumaa, akavuta chuchu. Halikutoka hata tone. Akavuta kwa nguvu zaidi. Mabaka akaikung'uta kamba na kurusha teke, kibuyu kikabiringika hadi kwenye samadi.

"Hiyo ndiyo mikono ya Mandewa," Innocent akacheka.

Jamani, maneno yale yaliuma kuliko teke. Jesca alirudi kwa mama yake machozi yakimlengalenga.

"Mama, nimesahau. Siwezi tena."

Mama hakumgombeza. Alitoka naye hadi kwenye lango la zizi, mkono wake ameupakata kifuani. "Siku zile ulikuwa ukianza na nini?" akamuuliza.

Jesca akamtazama ndama aliyekuwa akilia nyuma ya boma, na uso wake ukabadilika. "Na ndama," alisema polepole. "Sikumwachia ndama anyonye kwanza."

"Basi nenda. Usiwe na haraka. Na wewe Innocent, kaoshe kibuyu."

Safari hii Jesca alimfungulia ndama. Ndama akanyonya, akakipiga kiwele kwa kichwa, na Mabaka akatulia, akaanza kumlamba mwanawe mgongoni. Jesca akamsogeza ndama kando kwa upole. Akakipokea kibuyu kilichooshwa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Mabaka, na bila kujijua akaanza kuimba puani wimbo wake wa zamani usio na maneno. Vidole vikajikunja vyenyewe. Tone la kwanza likatoka, la pili, halafu maziwa yakaanza kububujika. Alichoka, mikono ikamuuma, akapumzika mara kadhaa, lakini hakuacha mpaka kiwele kilipolegea. Ndama akaachiwa sehemu yake.

Innocent aliyakodolea macho maziwa yaliyojaa kibuyuni. "Dada, kesho utanifundisha?"

"Nitakufundisha," Jesca alijibu, "ila upunguze kucheka."

Mama alikipokea kibuyu kwa mkono wake mzima, akakinyanyua kuupima uzito wake, akatabasamu kwa fahari.

"Umeona, mwanangu? Ujuzi hauzeeki," alisema. "Aliyeacha kazi akirudi, aanze pale pale alipoanzia zamani, taratibu, asione haya kukosea. Mabaka hakukusahau. Wewe ndiye uliyejisahau."

Alfajiri iliyofuata, mama alipoamka, kibuyu hakikuwapo mahali pake. Kutoka zizini alisikia mtu akiimba puani wimbo usio na maneno.